Wapanda farasi wa Kirumi nataka wawe Wanumidia, plastiki inanitesa, nisaidieni

kijana_wa_Barani (Malindi)

Salaam wadau. Kuna mzee wa Kiitaliano hapa mtaani alikuwa anahama akanipa boksi mbili za visanamu vya kampuni ya Italeri skeli ya 1/72, moja askari wa miguu na nyengine wapanda farasi wa Kirumi, sasa mimi na binamu yangu tunataka kucheza vita vya Zama vya 202 KK, Hannibal wa Karthago na Scipio wa Roma, tunacheza barazani kwao juu ya meza ya kulia ikishaondolewa sahani. Shida ni kwamba Warumi tunao lakini Wanumidia, wale wapanda farasi wa Afrika Kaskazini, hatuna hata mmoja, na kuagiza nje ukihesabu na ushuru ni pesa ya kununua mbuzi, mamangu ataniuliza.

Nikajiambia farasi ni farasi tu, nitawageuza. Nikajaribu mmoja. Tandiko nililikwangua kwa kisu cha jikoni halafu nikapiga msasa, plastiki ikatoa manyoya kama kokwa ya embe ishanyonywa. Kofia ya chuma niliikata kichwa kikaenda nayo hehe. Rangi nilitumia zile akriliki za wanafunzi, farasi nikampaka nyeupe akawa kama ukuta umepigwa chokaa, halafu mkuki nilipougusa ukapinda na rangi yote ikabanduka vipande vipande.

Kwa hiyo naomba kujua tandiko mnalitoaje, rangi mnaishikishaje, na farasi wa kweli ana rangi gani manake hapa Malindi farasi namuona mara moja moja ufuoni akipandishwa mtalii na sijawahi kumkagua. Halafu kuna mmoja kile kijiti cha kumshikilia kwenye farasi kimekatika, kila nikimpandisha anaangukia ubavuni. Nimtupe? Ninao 12 jumla na huyo ndani, ukimtoa yule niliyemkata kichwa wanabaki 11.

fundi_matondoni (Lamu)

Wa alaykum salaam mwanangu. Usitupe mtu, na kile kitwa kitafute chini ya meza, kinarudi.

Msasa weka mbali kabisa. Hii plastiki ya 1/72 ni laini, ni ukoo mmoja na ndoo na mitungi ya maji, msasa hauikati unaichana tu ndio maana umepata embe. Inataka wembe mpya, mpya wa leo, na ukate vipande vyembamba kama unakata kitunguu cha kachumbari. Manyoya yakibaki pasha sindano kwenye mshumaa uipitishe juu juu bila kukandamiza, yatalala yenyewe. Kaa dirishani, moshi wake si wa kuvuta.

Sasa utoe nini. Utoe kila kitu! Mnumidia hana tandiko, hana lijamu wala hatamu, hana deraya, hana kofia ya chuma. Ana kanzu fupi, ngao ndogo ya duara, mikuki mifupi ya kurusha mkononi, na farasi wake ana kamba moya shingoni basi. Unamvua Mrumi mpaka abaki na nguo ya ndani. Tandiko la Kirumi utalijua lina pembe 4, mbili mbele mbili nyuma, ndizo zilizokuwa zikimbana mtu mapajani manake vikuku vya kutia miguu wakati huo havikuwako, Ulaya vimefika karne ya 6 au ya 7 BK huko. Hapo una bahati, ungepewa farasi wa enzi za kati ungekata vikuku 24 na kila kimoja ungekata na nusu ya mguu.

Deraya ukiweza ikwangue, ukishindwa ifunike. Ile epoksi ya sehemu mbili ya mafundi wa bomba inafaa, ila inaganda upesi, kwa hiyo kanda punje kama ya mtama, ibandike, ivute kwa ncha ya sindano iliyoloa maji upate mikunjo ya nguo, halafu kanda nyengine. Usikande donge zima, yana tu nimekanda donge nikaishia na jiwe mkononi. Nywele ni epoksi hiyo hiyo, kuna ule mnara wa Trajan kule Roma uliomalizika mwaka 113 BK, wapanda farasi wa Kimauri wamechongwa pale nywele zimesokotwa vishungi vishungi, hawana tandiko na farasi wana ule ukanda wa shingoni tu. Wamauri ni jirani zao na miaka mia tatu imepita hapo katikati, lakini mimi nachukua hivyo hivyo, nani atanishtaki.

Supagluu peke yake haishiki plastiki hii. Itashika siku mbili halafu itakuaga. Lazima pini, na pini nzuri ni waya wa stepla, unyooshe, uupashe moto, uuchome shingoni, kata ubakize milimita 2 nje, kitwa kije juu yake na tone la gundi. Huyo wako wa kijiti dawa ni hiyo hiyo.

Mikuki ya plastiki kata yote. Chukua chelewa kwenye fagio la mama (omba kwanza), tumia ile ncha yake nyembamba, iparue kwa wembe mpaka iwe kama sindano ya kushonea, ipake supagluu ile ya majimaji iingie ndani, ikikauka ni ngumu na haipindi tena. Mtu wa sentimita 170 kwa skeli yako ni milimita 24 kasoro kidogo, basi mkuki wa kurusha ukate milimita 18 hadi 20. Mkono utoboe kwa sindano ya moto uupitishe. Mpe na miwili ya akiba mkono wa ngao.

Na mkao, njoo Amu hapa kwetu Lamu uwatazame vijana wa punda pale ufuoni jioni. Hawana tandiko, miguu inaning'inia, mkononi kijiti tu. Strabo, yule mwanajiografia wa Kigiriki wa zamani, aliandika Wanumidia farasi wao walikuwa watiifu hata wakiongozwa kwa kijiti. Ukiwatazama hao umewaona Wanumidia.

hina_na_piko (Langoni, Lamu)

Fundi ameshakuchongea, mimi niseme rangi. Kazi yangu ni kupaka maharusi, visanamu nilianza kumsaidia mwanangu na sasa yeye ameacha mimi ndio nimebaki navyo, mume wangu hasemi kitu siku hizi.

Rangi yako imebanduka kwa sababu mbili. Ya kwanza visanamu vinatoka kiwandani na mafuta ya kuvitoa kwenye kalibu, hukuviosha. Sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, viache vikauke usiku kucha na usivishike tena kwa vidole vilivyokula viazi karai. Ya pili umepaka rangi moja kwa moja juu ya plastiki inayopinda, rangi ikikauka haipindi nayo. Mimi natumia praima (rangi ya kwanza ya kushikishia) ya sprei ya bampa za gari, hiyo imetengenezwa kwa plastiki zinazopinda, ukikosa paka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa na maji kidogo, kila mahali, inakuwa kama ngozi, halafu rangi juu yake. Ukimaliza kila kitu gundi tena ama vanishi.

Sprei na hewa yetu hii muwe na adabu. Usipige jioni, usipige masika mvua ikiwa imetoka kunyesha, unyevu unaingia ndani ya rangi na inatoka na ukungu mweupe hautoki tena mpaka uoshe yote. Saa nne saa tano asubuhi, kivulini, na kama kusi inavuma ingia ndani ya ua, mimi nilishawahi kupaka praima kanzu ya jirani iliyoanikwa, sitasema ilikuwa ya nani manake yumo humu anasoma.

Rangi zetu zinakauka kwenye brashi kabla hazijafika. Chukua kopo la biskuti, sponji iliyoloa maji, juu yake ile karatasi ya kuokea, rangi uweke juu ya karatasi itakaa laini muda mrefu. Zimua mpaka iwe kama maziwa. Tabaka moja nzito inaficha sura yote, mbili nyembamba zinaacha macho na vidole vionekane, ni kama piko tu, mwenye haraka anaharibu mkono wa watu.

Haya farasi. Nyeupe tupu usipake hata mmoja, na nyeusi tupu vile vile. Farasi mnaemuita mweupe kwa kweli ni wa kijivu, anazaliwa na rangi ya giza na anazidi kung'aa kila mwaka, ngozi yake chini bado ni nyeusi. Kwa hiyo anza na kijivu kizito mwili mzima, juu yake kijivu chepesi, juu yake nyeupe iliyotiwa tone la kahawia kwa brashi kavu mgongoni na mbavuni tu, pua na karibu na macho na magoti uyaache na giza. Na kwa sababu wanabadilika na umri unaweza kuwa na watatu wa kijivu na wote tofauti, hiyo ni zawadi, tumia.

Wengi wawe wale wa kahawia nyekundu wenye nywele nyeusi. Mwili rangi ya halua, nywele za shingo na mkia nyeusi, miguu nyeusi kuanzia magotini kwenda chini, pua giza, ncha za masikio giza. Hapo ndipo watu wanakosea, wanapaka mwili vizuri halafu miguu wanasahau, farasi anakuwa kama amevaa suruali fupi. Aina nyengine mwili ni kahawia au rangi ya kutu na nywele za shingo ni rangi hiyo hiyo au nyepesi zaidi, huyo miguu haiwi nyeusi. Wengine wana soksi nyeupe, na mguu wenye soksi kwato lake lipake rangi ya pembe, mguu wa giza kwato la giza. Weka soksi mguu mmoja au miwili, ukiweka minne kwa farasi wote 12 wataonekana timu ya mpira.

Na kakangu ukienda kutazama punda wa fundi kumbuka punda ana pua nyeupe na ule msalaba mgongoni, usije ukampelekea farasi.

Jicho ni tone jeusi basi. Nyeupe usiweke, farasi atakuwa kama ameona jini.

Watu: kanzu rangi ya sufu isiyofuliwa, si nyeupe ya Ijumaa. Ngozi usitumie kile kichupa kimeandikwa rangi ya ngozi, hiyo ni ngozi ya watu wao. Wanumidia ni watu wa Aljeria na Tunisia ya leo, wachanganye kahawia mbili tatu tofauti, kila mtu na yake, kama ukikaa hapa kwetu sokoni ukahesabu wanaopita.

mwalimu_wa_zamu (Malindi)

Nimesoma yote, mmenifurahisha. Ila fundi nikukosoe kwa heshima hapo kwenye punda. Kijiti sawa, kukosa tandiko sawa, miguu kuning'inia sawa, lakini mpanda punda wa Lamu anakaa wapi? Anakaa nyuma, juu ya makalio ya punda karibu na mkia, ndivyo punda anavyopandwa. Farasi hapandwi hivyo. Bila tandiko mtu anakaa karibu na mabega ya farasi, pale mgongo unapoanza kuzama nyuma ya shingo, magoti mbele kidogo, mapaja yamebana. Kijana akiwatazama vijana wa punda akawaweka visanamu vyake kule nyuma atapata Wanumidia wanaoteleza.

Na kwa visanamu hivi vya Kirumi ni jambo la maana manake ukitoa tandiko pale chini panabaki shimo na mtu anakuwa juu hewani. Jaza kidogo epoksi, msogeze mbele milimita 1 au 2, mshushe. Farasi wa Kinumidia alikuwa mdogo kwa hiyo nyayo za mpandaji zining'inie chini ya tumbo la farasi, hiyo peke yake itawatofautisha na Warumi wako hata mtu akiwa upande wa pili wa meza.

Jambo lengine ni shingo. Farasi wa hizi boksi wote wamekunja shingo kama wa gwaride, kwa sababu wamevutwa hatamu. Hatamu umeondoa, basi nani anawavuta? Titus Livius, yule mwanahistoria wa Kirumi, anasema farasi wa Kinumidia walikimbia vibaya, shingo imekakamaa na kichwa kimetolewa mbele. Kwa hiyo kata kabari ndogo chini ya shingo karibu na kifua, laza shingo mbele, tia pini, pengo la juu lijaze epoksi, nywele za shingo zitaficha. Fanya hata kwa watatu tu.

Na sasa huyo wako anayeanguka. Livius hapo hapo anasimulia kisa cha mwaka 193 KK. Jeshi la Warumi lilinaswa kwenye njia nyembamba ya milimani kule Liguria, kaskazini ya Italia, adui ameziba mahali pa kutokea. Walikuwa na Wanumidia 800. Mkuu wao akamwambia konsuli, yaani jemadari wa Kirumi, niachie mimi. Wakapanda wakaenda hadi karibu na walinzi wa adui, hawamgusi mtu. Watu wembamba, farasi wembamba, hawana hata mshipi kiunoni, silaha yao mikuki tu. Na wakazidisha makusudi, huyu anaanguka, yule farasi anamkimbiza asipotaka, walinzi wakaona hii sarakasi, silaha chini, wakakaa kutazama wanacheka. Wao kidogo kidogo wanasogea, eti farasi wamewashinda nguvu. Mara wakapasua katikati mbio wakatokea ng'ambo, wakaanza kuchoma vijiji, Waliguri wakatawanyika kila mtu akakimbilia kwake kuokoa mali, na Warumi wakatoka.

Kwa hiyo usimpigie pini akae sawa. Mpigie pini akiwa anaanguka.

fundi_matondoni (Lamu)

Mwalimu hapo kwa makalio ya punda umenipata, nimepanda punda tangu nina miaka mitano na sijawahi kulifikiria. Lakini akikubali kuteleza mmoja si ndio huyo unayemtaka hehe

dadu_mbili (Watamu)

Nyongeza fupi. Kama mnacheza kwa DBA, zile sheria za mchezo wa vita vya kale mezani, wapanda farasi wepesi ni 2 kwa besi (kile kibao cha kusimamishia visanamu), na kwa visanamu vya kimo hicho wengi tunatumia besi ya upana wa milimita 60 na kina 40. Jeshi zima ni besi 12, basi hao 12 wako ni besi 6, nusu ya jeshi. Plywood nyembamba inatosha, kadibodi inajikunja kwa unyevu. Mchanga wa ufuoni uoshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi mara tatu na uuanike, chumvi ikibaki inavuta maji na besi itatokwa jasho kila kaskazi ikitulia, nimepoteza besi 4 hivyo.

Na kwa Zama usigombane na binamu nani achukue Wanumidia. Masinissa, mfalme wa Kinumidia, alikuwa nao upande wa Scipio bawa la kulia, na Hannibal naye alikuwa na wake wanaotazamana nao. Pande zote mbili wanahitajika. Gawana besi 4 kwa Scipio na 2 kwa Hannibal, manake safari hiyo Hannibal ndiye aliyekuwa na upungufu wa farasi na ndio uliommaliza, wale wa Scipio waliwafukuza wa Hannibal kisha wakarudi wakampiga kwa nyuma.

kijana_wa_Barani (Malindi)

Wiki mbili baadaye narudi. Asanteni sana, sijui nianzie wapi. Kichwa kilikuwa chini ya kabati, kimerudi kwa waya wa stepla, kimeelekea pembeni kidogo lakini anaonekana kama anamsikiliza mwenzake. Nimeshavua 7. Kunyoa tandiko kwa wembe mpya ni dakika 20 kila mmoja na nimejikata mara mbili, damu imeingia kwenye kanzu ya mmoja nimeiacha. Chelewa ni kitu ya ajabu, fagio la mama limekuwa na kipara upande mmoja na ameanza kuuliza.

Rangi haibanduki tena!! Nilitumia gundi nyeupe, praima ya bampa bei yake niliiona nikarudi nyumbani. Wa kijivu nimepaka watatu kama alivyosema dada, wa kwanza ametoka kama samaki aliyekaa sana, wa pili afadhali, wa tatu nimemuwekea pembeni namtazama kila nikiamka.

Shingo nimekata wawili tu. Wa tatu kabari iliingia sana.

Yule wa kuanguka nimemuweka pini ubavuni, mkono mmoja umeshika nywele za shingo, mguu mmoja bado uko mgongoni, mkuki wake nimeutia chini kwenye mchanga. Binamu alipomuona alicheka akasema huyu umemkosea, nikamwambia ndio, kaa hapo ucheke.

hina_na_piko (Langoni, Lamu)

Picha iko wapi? Na huyo wa tatu wa kijivu ndio umpe yule anayeanguka, usimfiche nyuma.